Mama alitolewa saratani ya utumbo mpana, sasa kaota kivimbe kwenye ziwa, inawezekana ni ile ile?

mtoto_wa_konde:
Assalaam alaykum ndugu zangu. Nawaombeni mawazo yenu maana nyumbani saa hizi kila mtu anasema lake na mie ndo nnaezunguka na mama. Mama yangu ana miaka 51, tupo Konde, Pemba. Alianza kwa choo chenye damu na tumbo mara linafunga mara linafungua, tukawa tunaambiwa bawasiri, mara amiba, anapewa vidonge tunarudi nyumbani, mpaka siku tumbo limejaa limekuwa gumu hata upepo hautoki ndo akafanyiwa opereshini ya haraka, wakakata kipande cha utumbo mpana upande wa kushoto, kinyama kikapelekwa maabara na jibu likarudi saratani. Wakati huo ana miaka 48. Akapelekwa Dar, Ocean Road, ile taasisi ya saratani, akapigwa dripu za kimo (kemotherapi) mpaka akamaliza na Alhamdulillah akarudi hali yake, msimu wa karafuu alikaa na wenzake anachambua kama zamani, sisi tukajua yameisha.

Asa juzi juzi dada kamuona anajishikashika kifuani kila akikaa peke yake. Kumbe ana kivimbe ziwa la kulia, juu karibu na kwapa, kaficha kwa haya. Kigumu, duara, ukikisukuma kinakwenda, hakimuumi, ngozi haina kitu na chuchu haitoi maji. Anasema kimekua upesi. Tumempeleka spitali moja kapigwa ultrasaundi, daktari kasema hii ni saratani mpya ya ziwa, tujiandae ziwa likatwe. Daktari mwengine kijana aliekuwepo pale kaniita pembeni kaniambia mie ningekuwa nyinyi ningeuliza kama si ile ya tumboni imehamia. Mjomba kasikia kachukia, anasema saratani ya tumbo mwisho wake ini, itafikaje ziwani, hao wanatafuta pesa.

Nnachotaka kujua, hivi kweli saratani ya utumbo inafika kwenye ziwa? Na kama inafika, inabadilisha chochote au ziwa litakatwa tu vyovyote vile? Maana siku wameshatupangia na mama hali wala halali.

Bi_Mtambile:
Waalaykum salaam mwanangu, pole sana na Mungu amshushie mama shifaa. Mie ya saratani kuhama kwenda ziwani sijapata kuisikia, nnayoisikia ni ini na mapafu. Ila nakuombeni msiache kisomo, na habbat soda na asali asubuhi kabla hajala kitu, na kombe pia. Kuna mama hapa kwetu katumia hivyo na leo anatembea. Hayo ya kukata msiyakimbilie.

Baharia_wa_Malindi:
Pole ndugu. Mie nauliza tu, kwani likikatwa hasara iko wapi? Iwe ya utumbo iwe ya ziwa si saratani hiyo hiyo, itolewe upesi kabla haijasambaa. Kungojea ngojea ndo kunakomaliza watu.

nta_na_slaidi:
Waalaykum salaam wote. Mie nipo maabara ya vinyama, ndo kazi yangu kila siku, si daktari wa kutibu kwa hiyo ntasema ya upande wangu na wenye kujua zaidi watajaza.

Mjomba wako hakukosea yote. Saratani ya utumbo mpana ina njia zake, damu inayotoka kwenye utumbo mpana inapita kwenye ini kwanza kabla haijarudi moyoni, ndo maana kwa wengi ini ndo linaloshikwa mwanzo, kisha mapafu, na tezi za limfu za tumboni, na ule utando unaofunika matumbo kwa ndani. Lakini chembe zikishavuka ini na mapafu zimo kwenye damu ya mwili mzima na hapo hamna tena mpaka, zinaweza kutua kwenye mifupa, ubongo, vifuko vya mayai, ngozi, kitovu, na kwenye ziwa pia. Ziwa ni adimu mno. Katika saratani 100 zinazokutwa ndani ya ziwa, zilizotoka kiungo chengine ni 2 au hazifiki hapo, na hata hizo nyingi chanzo chake ni melanoma ile ya ngozi, au limfoma ile ya tezi za limfu, au mapafu, au vifuko vya mayai. Zinazotoka utumbo mpana ni chache kiasi kwamba madaktari wakimpata mgonjwa mmoja wanamuandikia makala kwenye majarida yao. Adimu, lakini ipo, na imeandikwa mara nyingi tu.

Asa hapa nataka uniskilize vizuri. Kwa kuwa ni adimu, yule daktari aliesema saratani ya ziwa hakusema kitu cha ajabu. Mwanamke wa miaka 51 mwenye kivimbe kigumu, kama ni saratani basi uwezekano mkubwa ni ya ziwa lenyewe, hata kama zamani aliugua utumbo. Na pengine si saratani kabisa, vivimbe vyengine ni maji tu au nyama isiyo na ubaya. Nnachokikataa mie, na nakikataa kwa nguvu, ni kupanga kisu kwa picha ya ultrasaundi peke yake kwa mgonjwa aliewahi kuwa na saratani nyengine. Ultrasaundi inaonesha kivimbe kipo na sura yake, haisemi kimetoka wapi. Tena hayo uliyoyataja, duara, kinasogea, ngozi haikuvutwa, kimekua upesi, ndo sura ambayo aghlabu huwa nayo kile kilichotoka pengine, saratani ya ziwa yenyewe mara nyingi inatupa mizizi pembeni na kuvuta ngozi au chuchu kwa ndani. Lakini na kivimbe kisicho na ubaya kina sura hiyo hiyo ya duara, kwa hiyo hakuna wa kukata shauri ila kinyama.

Na kinyama kiwe cha sindano nene, ile inayotoa vipande virefu virefu, si sindano nyembamba ya kufyonza peke yake. Ile nyembamba inaweza kutwambia hapa kuna saratani, ila kujua asili yake tunataka nyama ya kutosha tuikate slesi nyingi na kila slesi ipakwe rangi yake. Saratani ikihama haibadiliki asili. Mkarafuu ukiuotesha Makunduchi utabaki mkarafuu, hauwi mnazi. Mie nikiweka slaidi chini ya hadubini, chembe za utumbo hata zikiwa katikati ya mafuta ya ziwa bado zinajipanga kwa vile vitundu vyao vya utumbo, na ndani ya vitundu unaona mabaki ya chembe zilizokufa, machafu machafu hivi. Ukishaviona hivyo moyo unakwenda mbio, unakimbilia fomu kusoma historia ya mgonjwa. Na hapo ndo tunapokwama, fomu inakuja imeandikwa "uvimbe wa ziwa" basi, hamna neno hata moja kwamba huyu mama alikatwa utumbo. Tafadhali sana hakikisha kwenye hiyo fomu imeandikwa alikuwa na saratani ya utumbo mpana, mwaka gani, na dawa gani alipewa. Simama pale pale mpaka iandikwe.

Baada ya hapo zinakuja zile rangi za kutambua protini. Ya utumbo mara nyingi inakubali CK20 na CDX2 na inaikataa CK7. Ya ziwa mara nyingi inakubali CK7 na GATA3, na wengi wana vipokezi vya homoni ya estrojeni. Zinasomwa kwa pamoja, haisomwi moja ikatolewa fatwa.

La mwisho na ndo kubwa. Ile saratani ya kwanza ya mama yako haijatupwa. Kipo kiplastiki kidogo cha upana wa kama vidole viwili, kimejazwa nta, ndani ya nta kipo kipande cha utumbo wake na ubavuni kimeandikwa namba kwa penseli. Tunakiita bloku. Ile nyama ndani ya nta inakaa miaka na haiharibiki. Nendeni maabara iliyotoa jibu la mwanzo na ile karatasi ya jibu, ina namba hiyo hiyo, muombe bloku au angalau slaidi, ili atakaesoma kinyama cha ziwa aviweke viwili ubavu kwa ubavu. Mukipewa itieni kwenye bahasha ngumu, musiiache juani wala ndani ya gari iliyofungwa vioo, nta inalainika.

Ukhty_Mpendae:
Kaka Baharia, suali lako hata mie niliuliza hivyo hivyo kwa dada yangu, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyapitia. Kama ni saratani ya ziwa yenyewe, ndio, kukata kuna maana kubwa, na ikiwahiwa inaweza kumaliza mambo. Lakini kama ni ya utumbo imehamia, maana yake imeshapita kwenye damu, hata ukiondoa ziwa lote hujaondoa ugonjwa. Na kidonda cha kifua kinataka wiki nyingi kupona, wiki zote hizo mgonjwa hawezi kupigwa dripu, na kule kulikobaki unaendelea kukua. Dawa inayotakiwa hapo ni ya mwili mzima. Wanaweza kulikata baadae kama kimepasuka kinatoa damu au harufu, au kama ni kimoja peke yake na pengine popote hamna, lakini hiyo ni hesabu ya madaktari wakae wakubaliane, si ya kuanza nayo.

Na dawa zenyewe mbali mbali. Za utumbo ni florourasili pamoja na oksaliplatini au irinotekani, au vidonge vya kapesitabini. Ya ziwa ina zake, ile yenye vipokezi vya homoni inapewa tamoksifeni na ndugu zake, na hiyo tamoksifeni kwa saratani ya utumbo haifanyi chochote. Fikiria mama anakatwa ziwa, anapewa vidonge vya homoni miezi na miezi, na kumbe ugonjwa ni wa utumbo unakula ini kimya kimya. Ipo dawa kama kapesitabini inayotumika kwa zote mbili kwa hiyo ukiona jirani wa saratani ya ziwa anameza kidonge kile kile usidhani ugonjwa ni mmoja.

Dada yangu yeye ilikuwa chini kabisa ya utumbo, karibu na njia ya haja. Ikamtokea mapafuni na ini zima halina hata doa, tukashangaa, daktari mmoja akatueleza kwamba sehemu ile ya chini damu yake nyengine haipiti kwenye ini, inakwenda moja kwa moja kwenye mshipa mkubwa. Kisha kikaota kigumba kitovuni, kituo kimoja cha afya wakamwambia ni ngiri, atafute pesa ashonwe. Sisi ndo tuliogoma. Kikachukuliwa kinyama, ilikuwa ile ile ya utumbo. Kwa hiyo ukisikia saratani ya utumbo imetokea pahala pasipotajwa na watu, mie siwezi kushangaa tena.

Jengine kuhusu hiyo oksaliplatini, mama kama alipigwa anaijua. Dada alikuwa hawezi kugusa kitu cha baridi, akishika mpini wa friji vidole vinamchoma, akinywa maji ya kawaida ya mtungi koo linamkaba anadhani hapumui. Tukawa tunamtilia maji vuguvugu kwenye chupa ya chai siku zote na kumvisha soksi za mikono. Kama vidole vya mama bado vina ganzi kutoka kimo ya mwanzo mwambieni daktari kabla hajapangiwa dawa tena, maana ganzi ile inaweza kubaki na ikiongezwa juu yake hata kifungo cha buibui hatoweza kukifunga.

mtoto_wa_konde:
Wallahi nimesoma mara mbili mbili na nimemsomea dada. Nashkuru sana. Nimefungua bahasha ya mama ya makaratasi, jibu la zamani lipo na namba ipo. Imeandikwa tezi za limfu 14 ziliangaliwa na 3 zilikuwa na saratani. Na juzi wamempima damu, kipimo kinaitwa CEA, alama ya saratani kwenye damu, imetoka juu, daktari kijana anasema ndo dalili ni ya utumbo. Hiyo si inatosha kuthibitisha bila kumchoma masindano tena?

Na nna mawili yanayonitaabisha zaidi. La kwanza, mama hajui kama ile ya mwanzo ilikuwa saratani. Tulimwambia ana kidonda cha utumbo na ile kimo ni dripu za kukausha kidonda. Mjomba ndo alietaka hivyo. La pili, mama anakataa kabisa kufunuliwa kifua na daktari mwanamme, alivyopigwa ultrasaundi alilia njia nzima.

nta_na_slaidi:
Hapana, CEA haitoshi. Inapanda kwa saratani ya utumbo kweli, na kwa mtu aliekwishatibiwa ikipanda tena ni lazima atafutwe mwili mzima, lakini saratani ya ziwa nayo inaweza kuipandisha. Hata kuvuta sigara kunaisogeza. Kinyama hakikwepeki.

Hizo tezi 3 kati ya 14 maana yake mara ya kwanza ilikuwa hatua ya 3, ndo maana akapewa kimo baada ya opereshini. Kwa hiyo kurudi kwake si jambo lisilotegemewa, pahala palipotokea tu ndo pageni.

Halafu nisahihishe kitu kabla watu hawajakibeba vibaya. Ipo safari ya kinyume pia. Aina moja ya saratani ya ziwa, ile ya lobula (vijifuko vinavyotengeneza maziwa), ina tabia ya kwenda kwenye tumbo la chakula na matumbo. Sisemi ndo ya mama, aliekatwa utumbo ulioziba na ikasomwa vizuri kwa kawaida ni ya utumbo tu, ila ndo sababu nyengine ya kuviweka vinyama viwili pamoja. Na kwenye bloku hiyo hiyo waombeni waangalie na zile protini nne za MMR, zinazorekebisha makosa ya DNA, wakiweza na jeni za RAS na BRAF. Zinachagua dawa, na hiyo MMR inawahusu nyinyi watoto pia.

Na kinyama kikichukuliwa tu kiingizwe kwenye fomalini, dawa ya kuhifadhi nyama, hapo hapo, fomalini iwe nyingi, mara kumi ya nyama. Si maji ya chumvi, si spiriti. Nimepokea vichupa vya maji ya chumvi vimetoka mbali, nyama imeoza, mtu kachomwa bure na inabidi arudie. Inaniuma kila ikitokea.

Nesi_wa_Mkoani:
Mwanangu wa Konde, mie ni nesi, nimehudumia wagonjwa wa saratani miaka, nataka nikujibu hayo mawili.

La sitara ni haki yake, si deko. Ukifika sema mapema kabla hajaingia chumbani, tunaomba daktari mwanamke, au kama hayupo basi nesi mwanamke awe ndani na dada yako amshike mkono, na afunuliwe pale panapotakiwa tu, upande mwengine ubaki na kanga. Wengi wanakubali ukiwaambia kwa uzuri. Sindano yenyewe wanatia ganzi kwanza, anabaki macho, na haimchukui muda, mwambieni hivyo ili asiwe na hofu ya kisu. Asikose kipimo kwa sababu ya haya, wengi tumewapoteza hivyo.

La kumficha, hapa mjomba atanisamehe. Mama wa miaka 51 ana akili zake, ana mali yake, ana watu anaodaiana nao, pengine ana nadhiri zake. Akiulizwa akubali kukatwa kiungo na hajui anaumwa nini, hayo makubaliano gani? Na hao wagonjwa wanajua, mie nakwambia. Anakaa kule Ocean Road kwenye benchi na wenzake wote wa saratani, jina la taasisi limeandikwa mlangoni, utamwambia kidonda? Wanajua na wananyamaza ili wasiwatie nyinyi huzuni, kila mmoja anamfichia mwenzake. Na hivyo alivyokificha hicho kivimbe, angekuwa anajua alivyokuwa anaumwa pengine angekisema siku ya kwanza. Muulizeni kwanza, mama wewe ungependa tukwambie kila kitu au tuzungumze na daktari sisi? Atakalosema mulifate. Akisema niambieni, mwambieni kidogo kidogo, mtu anaempenda ndo amwambie, si daktari anaepita haraka.

Nikija kwa Bi Mtambile, dada yangu, kisomo na dua visikatwe, vinamtuliza na sisi wenyewe tunasoma. Lakini dawa za kunywa, habbat soda kwa wingi, majani, kombe la watu usiowajua, akianza dripu mumwambie daktari kila anachokinywa, kwa sababu dawa za kimo zinachujwa na ini na figo na nyengine zikigongana huko ndani damu inashuka na dripu inaahirishwa. Kuna mgonjwa tuliahirisha mara kadhaa hatujui kwa nini mpaka mkwewe akatoboa siri ya chupa chini ya kitanda.

Na nyinyi watoto, msijisahau. Mama kagundulika akiwa na 48. Watoto wake na ndugu zake wa tumbo moja wanatakiwa utumbo uangaliwe kwa kamera wakifika 40, au miaka 10 kabla ya umri aliogundulika yeye, kinachotangulia. Kwenu itakuwa 38. Hizo protini za MMR zikitoka na kasoro inawezekana ni ya kurithi, basi munaanza mapema zaidi ya hapo. Na choo chenye damu kwa mtu mzima asikubali mtu kuambiwa bawasiri kabla hajapimwa kwa kidole na kamera. Bawasiri ipo na saratani ipo, na mtu mmoja anaweza kuwa nazo zote mbili.

Baharia_wa_Malindi:
Nimefahamu sasa, ahsante Ukhty na nyinyi wengine. Kuhusu safari, mukishuka Unguja na mama kachoka musimpitishe bandarini na umati, muombeni watu wa boti asubiri akae mpaka abiria wapungue, wanakubali kwa mgonjwa. Na kama munaunganisha kwenda Dar siku ile ile mkatieni tiketi ya kukaa katikati chini, mbele kunapiga sana saa za kusi.

mtoto_wa_konde:
Allah awalipeni kheri. Jana baada ya isha tulikaa na mama, dada ndo aliemuuliza kama alivyosema Bi Nesi. Mama kamuangalia, kasema "Nlikuwa najua tangu Dar, nlikuwa nangojea nyinyi muwe tayari." Mjomba katoka nje. Baadae karudi, kakaa, na kakubali.

Tumezungumza na spitali siku ya kukata imesimamishwa mpaka kinyama kijibiwe. Daktari mwenyewe hakukataa tulipomuonesha jibu la zamani, kasema bora mumeleta, hakuwa nalo kwenye faili. Kaandika rufaa Mnazi Mmoja, spitali ya Unguja, achukuliwe kinyama cha sindano nene na apigwe picha ya CT ya kifua na tumbo, na kutoka hapo kama itabidi tutavuka Dar. Nimemuomba aandike neno la utumbo mpana kwenye fomu mbele yangu na kaandika. Bloku mie nakwenda kuifata mwenyewe wiki hii, mama anabaki na dada.

Nina moja tu la mwisho, kama itathibitika ni ile ya utumbo, ndo basi tena?

Ukhty_Mpendae:
Si basi. Itaitwa hatua ya 4 na sikufichi, kuimaliza kabisa ni vigumu na wengi hawafiki huko. Lakini kuipunguza, kuizuia kwa muda, mtu akala akalala akatembea, hilo lipo na wapo wanaopata miaka. Inategemea CT imeona nini pengine, na hizo protini na RAS alizosema ndugu wa maabara, maana wale ambao MMR yao ina kasoro wapo wanaoitikia vizuri dawa za kuamsha kinga ya mwili, na wasio na kasoro ya RAS wana dawa zao pia za kuongezea kwenye dripu. Bei zake ni nzito, ulizeni mapema bima inalipa nini na hailipi nini kabla hamjauza kitu. Na maumivu yakija musingojee mpaka alie, Ocean Road wana huduma ya tiba shufaa na mofini ya maji, watu wanaiogopa kwa jina lake tu, dada yangu ilimrudishia usingizi.

nta_na_slaidi:
Nimefurahi sana hilo la fomu. Utapofika maabara sema unataka bloku kwa ajili ya kulinganisha, watakupa daftari utie saini, na wewe piga picha namba ya bloku na ukurasa uliosaini kwa simu yako. Jibu la rangi za protini linachelewa kuliko jibu la kawaida, kwa hiyo wakikupa jibu la mwanzo linalosema "saratani" peke yake bila kutaja imetoka wapi, hilo bado halijaisha, uliza kama rangi zimeombwa. Na usikubali jibu la mdomo wala la simu, chukua karatasi yenye saini, toa kopi mbili, moja iende kwenye faili la mama Ocean Road. Ukikwama popote niandikie kwenye ujumbe wa siri, unambie namba tu bila jina la mama, ntakuelekeza pa kuuliza.